Siku Niliyonyamaza Bondeni



Ndugu wasomaji, naomba nafasi nieleze jambo nililolificha kwa miaka kadhaa. Si siri ya mtu mwingine. Ni kosa langu mwenyewe. Ningependa libaki lilipo, lakini wiki tatu zilizopita vijana wanne wa mtaa wetu wa Mansoura walinijia baada ya sala ya Isha, na kwa waliyonieleza nikaona kuwa kulificha zaidi ni khiyana.

Vijana hao ni watoto wetu sote. Wawili wanafanya kazi za ofisini, mmoja ni fundi wa umeme, na wa nne yungali mwanafunzi. Walinieleza kwa furaha kwamba wamekwisha kata tikiti za kwenda Georgia, kwenye milima ya Kaukasi, wakaione theluji. Safari yenyewe si ndefu: saa tatu na kitu kwa ndege kutoka Doha hadi Tbilisi, kisha gari mpaka Gudauri, mji mdogo wa mapumziko ulio kiasi cha mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Walitaka niwaombee dua. Nikainua mikono. Kabla sijaishusha, yule mdogo wao akasema kwamba hawakusudii kubaki katika njia zilizowekewa alama, ambako kila mtu hupita. Wamemwona mtu katika simu akishuka mteremko usio na unyayo hata mmoja, nao wanataka kufanya vivyo hivyo. Utabiri wa wiki watakayofika, akasema, ni wa dhoruba kubwa. "Kwa hiyo theluji itakuwa mpya, Mwalimu, nyingi na laini."

Mikono yangu ikabaki hewani. Mimi sijapata kukanyaga theluji maishani. Nimezaliwa Unguja, na theluji niliyoiona ni ile ya Kibo, kwa mbali, dirishani mwa basi, nilipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nikipita Moshi. Ningeweza kuitikia amin nikaenda zangu kulala. Lakini maneno yale, mpya, nyingi na laini, yalinirudisha katika bonde moja la Omani, siku ambayo nilijua na nikanyamaza.

Ilikuwa majira ya baridi, mwaka mmoja kabla ya maradhi ya korona kuifunga dunia. Mpaka wa nchi kavu baina ya Qatar na Saudia ulikuwa umefungwa tangu Juni 2017, na haukufunguliwa tena mpaka Januari 2021, kwa hiyo tulikwenda Maskati kwa ndege tukakodi gari. Tulikuwa sita: mimi na mke wangu, binti yetu, mume wake, na wajukuu wawili. Mwenyeji wetu alikuwa binamu yangu anayekaa Sharqiya. Wanaoijua Sharqiya wanafahamu kwamba koo nyingi za Kiarabu za Unguja na Pemba zilitoka huko, na kwamba baada ya 1964 na hasa baada ya 1970 wengi walirejea. Hata leo si ajabu kusikia Kiswahili katika maduka ya Ibra. Tulipokewa kama ndugu hupokewa. Mbuzi alichinjwa, na asubuhi ya siku ya tatu binamu akatangaza kwamba chakula cha mchana tutakila katika wadi.

"Mvua ya juzi imejaza madimbwi," alisema. "Maji ni mapya, Kaka, mengi na ya baridi. Watoto watafurahi."

Kwa wasiozoea, wadi ni bonde au korongo la milimani ambalo karibu mwaka mzima huwa kavu, na huwa mto kwa saa chache tu pale mvua inaponyesha. Nami sikuwa miongoni mwa wasiozoea. Nilisomesha jiografia kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila mwaka nilichora ubaoni mlima, mto na bahari, nikageuka na kuwaambia wanafunzi sentensi ileile: msiutazame mto hapa mliposimama, utazameni kule unakotoka. Waliosoma kwangu wataikumbuka, kwa kuwa waliokuwa wakiisahau nikiwaandikisha mara hamsini.

Milima ya Hajar, inayoanza Musandam na kushuka mpaka karibu na Ras al Hadd, na ambayo kilele chake cha Jabal Shams kina kimo cha kiasi cha mita 3,000, sehemu kubwa ni mawe matupu. Haina msitu wa kuyachelewesha maji wala udongo mzito wa kuyanywa. Mvua ikinyesha juu, maji huteremka yote pamoja, kila kijikorongo kikimwaga katika kilicho kikubwa zaidi, mpaka yakutane katika wadi moja. Aliye chini anaweza kuwa amekaa juani, hajaonja hata tone, na mafuriko yakamfikia kutoka katika wingu lililo umbali wa kilomita nyingi. Wala hayaji kama mto ujazao taratibu. Huja kama ukuta, yakisukuma mbele yake kokoto, magogo na chochote kilicholala njiani.

Haya yote niliyajua kabla hatujapakia masufuria garini.

Dalili ya kwanza ilikuja asubuhi. Redio ilitaja mvua za radi milimani. Binamu akasema za huko ni za huko. Nikanywa kahawa yangu.

Dalili ya pili ilikuja tulipokwisha kutandika mkeka. Tulikuwa katikati ya wadi, juu ya changarawe, kando ya dimbwi la maji ya kijani yaliyokuwa yakipita polepole. Binamu aliegesha gari lake juu kidogo, chini ya mkunazi. Mkwe wangu aliliteremsha letu mpaka kwenye changarawe ili kushusha vyombo iwe rahisi. Mbingu juu yetu ilikuwa safi kabisa. Mke wangu, ambaye hakusoma jiografia, akaniinamia akaninong'oneza, "Mwalimu, tazama kule." Upande wa kaskazini mlima ulikuwa umepotea. Mahali pake palikuwa na wingu jeusi kama chini ya sufuria, na ndani yake umeme ulikuwa ukimulika bila sauti.

Nikamjibu, "Nimeona." Sikuongeza neno.

Wasomaji wataniuliza kwa nini. Nimejiuliza mara nyingi, na majibu niliyoyapata hayana fahari. Nilikuwa mgeni, na mwenyeji alikwisha gharimika. Watoto walikuwa majini wakicheka. Binamu yangu ameishi na mawadi haya kwa miongo mingi, nami nimekuja juzi kwa ndege. Lipo pia jambo ambalo wazee wenzangu wanaoishi hapa kwa watoto wao watalielewa bila kuelezwa: mzee anayekaa nyumbani kwa mkwewe hujifunza kupunguza rai zake. Hataki kuonekana ana neno kwa kila kitu. Huzoea kukubali chakula kilichopikwa, njia iliyochaguliwa na saa iliyopangwa, mpaka siku moja anakubali hata jambo ambalo akili yake yote inalikataa. Juu ya hayo, niliona haya kuonekana mwoga. Umri wa miaka sitini, na bado naona haya kuonekana mwoga.

Dalili ya tatu niliambiwa na mjukuu wangu wa kike, aliyekuwa na miaka saba. Alikuja akichuruzika maji, akasimama mbele yangu, akasema, "Babu, maji yamekuwa chai ya maziwa."

Nikatazama. Lile dimbwi la kijani lilikuwa limeanza kugeuka rangi ya kahawia pembeni, na juu yake vilikuwa vikipita vijiti na majani makavu. Mwalimu yeyote wa jiografia anajua maana yake. Nami nikamwambia mtoto yule aliyeniamini, "Ni upepo tu, bibi yangu. Umetibua mchanga."

Waliotuokoa kwa idhini ya Mwenyezi Mungu ni mbuzi. Kundi la mbuzi waliokuwa wakila chini ya wadi lilianza kupanda ukingoni kwa haraka, na nyuma yao mzee mmoja mwenye fimbo akitupigia kelele kwa Kiarabu. Neno moja tu lilitosha: wadi, wadi! Binamu aliruka. Tukawanyakua watoto, tukaacha mkeka, sinia, viatu na kila kilichokuwapo, tukapanda mawe kwa mikono na magoti. Sauti ilitangulia maji. Ilikuwa kama malori mengi yakimwaga kokoto kwa wakati mmoja.

Nilipogeuka nikamwona mkwe wangu akikimbia kuteremka. Alikuwa amekumbuka gari. Lilikuwa la kukodi, na ndani yake zilikuwamo pasi zetu zote za kusafiria. Hapo ndipo nilipofungua kinywa kwa mara ya kwanza siku ile. Nilimwita kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu nilipoacha kusomesha: "Acha gari! Njoo juu!" Akasimama. Sijui kama alisimama kwa sababu alinielewa au kwa sababu alishtuka. Alipanda, na kabla hajafika tulipo maji yalikuwa yamepita pale alipokuwa amesimama. Gari liliinuka kama kopo tupu, likazunguka, likaenda. Tuliliona kesho yake, limekwama baina ya mawe mawili, halina umbo la gari.

Usiku ule, nyumbani kwa binamu, watu wote walikuwa wakisimulia na kumshukuru Mungu. Mjukuu wangu hakusimulia. Alinisogelea nilipokuwa nimekaa, akasema kwa sauti ndogo, "Babu, ulisema ni upepo."

Nilimjibu, "Nilikosa, bibi yangu. Niliyaona kabla yako." Hakusema kitu. Leo ni msichana mkubwa, na hajapata kunikumbusha tena. Mimi ndiye ninayejikumbusha.

Methali yetu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tumewafundisha watoto methali hiyo tukiwaelekezea wao kidole. Lakini ikiwa mkuu mwenyewe hakusema, guu litakalovunjika ni la nani? Katika wadi ile aliyesema ni mke wangu, aliyesema ni mtoto wa miaka saba, na mbuzi nao walisema kwa miguu yao. Mwenye elimu ndiye aliyekuwa kimya.

Basi usiku ule vijana walipokuwa mbele yangu na mikono yangu hewani, nilimaliza dua, nikawaomba waje kwangu Ijumaa baada ya Alasiri. Siku zilizobaki nilisoma. Mwalimu hastaafu kusoma. Mshahara ndio unaostaafu.

Niliyoyasoma yalinishangaza kwa jinsi yalivyofanana na yale ya bondeni. Maporomoko makubwa ya theluji, yale yanayoua wasafiri, kwa kawaida si theluji inayodondoka kutoka juu kama embe lililoiva. Ni ubamba mzima wa mteremko unaokatika na kwenda. Theluji hulala kwa matabaka, dhoruba baada ya dhoruba. Chini huweza kuwapo tabaka dhaifu la chembe kavu zisizoshikana, kama sukari. Dhoruba mpya inapokuja, upepo huisomba theluji kutoka upande mmoja wa mlima na kuirundika upande mwingine, mpaka ule ubamba wa juu unakuwa mzito kuliko linavyoweza kubeba lile tabaka la sukari. Hapo mlima hungoja kitu kidogo tu, na mara nyingi kitu hicho ni uzito wa binadamu mmoja. Katika ajali nyingi za namna hii, aliyeyaangusha maporomoko ni yuleyule aliyefunikwa, au mwenzake aliyekuwa naye.

Vijana walipofika nilichukua sinia, nikamwaga sukari, juu yake nikalaza daftari nene. Mke wangu alilalamika kwa ajili ya sukari yake. Nikaanza kuinamisha sinia taratibu. Daftari halikutikisika, halikutikisika, kisha likaondoka lote mara moja. "Mnaona," nikawaambia, "halikutoa onyo la robo, wala la nusu." Miteremko ya hatari zaidi, wanasema wajuzi, ni ile ya nyuzi 30 hadi 45. Ili waelewe niliwaambia wazifikirie ngazi za majengo yetu haya ya Mansoura, zile tunazopanda lifti inapoharibika. Mteremko wa kiasi hicho hauogopeshi mtu. Ni mzuri wa kushuka, na kwa hiyo ndio unaopendwa.

Mmoja wao akasema kwamba wakifunikwa watachimbuliwa. Nikamwambia ukweli kama nilivyousoma. Theluji ikisimama hushikana kama zege, na aliye ndani hawezi hata kuinua mkono wake. Wanaotolewa katika dakika kumi au kumi na tano za mwanzo wengi wao huishi. Ikipita nusu saa, wengi hufa. Hakuna helikopta wala askari atakayefika milimani katika dakika kumi, sembuse katika dhoruba. Mwokozi wako ni yule mliyekwenda naye, ikiwa yeye hakufunikwa, na ikiwa kila mmoja amevaa kile chombo cha redio kifuani, amebeba ile fimbo ndefu ya kukunja ya kuchomea theluji, amebeba koleo, na amejifunza kuvitumia vyote hivyo kabla ya siku yenyewe. Nikawauliza ni nani kati yao anavyo. Hakuna.

Niliwaeleza pia habari ya Bahçesaray, katika mkoa wa Van, mashariki ya Uturuki. Tarehe 4 Februari 2020 maporomoko ya theluji yaliikumba njia ya milimani na kuua watu watano. Kesho yake waokoaji wapatao mia tatu wakawa mahali pale wakichimba, na mlima ukaporomoka mara ya pili juu yao. Waliokufa siku hiyo ya pili walizidi thelathini. Nilipoisoma habari hiyo nilimwona mkwe wangu akikimbia kuteremka kwenye gari. Hatari iliyopita haina maana kuwa imekwisha.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya nchi za barafu peke yake. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang katika mkoa wa Manyara, kwetu Tanzania, ilimeguka. Mwamba uliolowa maji ukageuka tope, tope likashuka na mawe na miti mpaka mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Watu wa Bududa nchini Uganda, chini ya Mlima Elgon, wamezika mamia ya jamaa zao kwa maporomoko ya namna hiyo, na yale ya Machi 2010 bado yanasimuliwa. Na hapa jirani, tarehe 14 Aprili 2024, maji ya wadi huko Samad al-Shan, katika Sharqiya hiyohiyo niliyoisimulia, yalilichukua gari lenye wanafunzi wapatao kumi na mtu mzima mmoja. Kwa jumla mvua za siku zile ziliua watu wasiopungua 18 nchini Omani. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Sitaki mtu asome kisa changu akadhani waliokufa walikuwa wazembe. Wengi hawakupewa hata nafasi ya kuchagua. Sisi tulipewa, na ndiyo maana naandika.

Jambo lililonigusa zaidi katika yale niliyoyasoma ni kwamba katika nchi za theluji wengi waliokufa walikuwa wamefundishwa. Walizijua dalili: theluji nyingi iliyoanguka karibuni, upepo mkali, nyufa zinazokimbia mbele ya mguu, ile sauti nzito ya mguno inayotoka chini ya theluji unapoikanyaga. Walizijua na waliziona. Kilichowaponza ni kwamba walikuwa kundi, na katika kundi kila mmoja humngoja mwenzake aseme. Aliye mdogo humngoja mkubwa, mgeni humngoja mwenyeji, na mwenyeji anaogopa kuwavunja moyo wageni. Wote wanakwenda kwa sababu hakuna aliyesema turudi. Nilipoisoma sentensi hiyo nilivua miwani. Nilikuwa nimesoma habari zangu.

Kwa hiyo sikuwaambia vijana wasiende. Mtu akikataza safari ya vijana wenye tikiti mkononi, wataondoka bila kumuaga. Niliwaomba ahadi nne. Ya kwanza, kwamba watabaki katika njia zilizowekewa alama na zilizofunguliwa, na kila asubuhi watawauliza walinzi wa mlima kabla ya kufunga viatu. Katika nchi nyingi za theluji hatari hutangazwa kwa viwango vitano, na mtu asidanganyike kwamba kiwango cha tatu, kwa kuwa ni cha katikati, ni cha usalama. Wengi hufa katika kiwango hicho. Ya pili, kwamba siku ya dhoruba, na siku inayofuata baada ya jua kutoka na kila kitu kumeremeta, hawatatafuta mteremko usio na nyayo. Barabara inayopanda kutoka Gudauri kupitia njia ya Jvari, kwenye kimo cha karibu mita 2,400, hufungwa mara kwa mara majira ya baridi kwa hofu ya maporomoko. Ikiwa serikali inayazuia malori yake, kijana wa Mansoura aliyekodi viatu ni nani?

Ya tatu, kwamba barabara ikifungwa watangoja, hata kama ndege itawaacha. Tikiti hununuliwa tena.

Ya nne ndiyo niliyowasihi zaidi. Niliwataka wakubaliane, kabla ya kupanda ndege, kwamba yeyote kati yao akisema turudi, wote watageuka papo hapo, bila kumuuliza sababu na bila kumcheka, wala siku ile wala baadaye. Hata akiwa ndiye mdogo. Hasa akiwa ndiye mdogo.

Yule fundi wa umeme hakupendezwa. Akasema, kwa adabu, "Mwalimu, tumekuja kwako kuombewa dua, umetutia hofu." Nikamwambia kwamba hofu niliyowatia ilikuwa yangu, nimeibeba miaka mingi, na nimefurahi kuigawa. Kisa cha bedui aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga akasema anamtegemea Mungu tunakijua sote, na jawabu alilopewa tunalijua pia. Dua ni haki yao na nitaendelea kuwaombea. Lakini kumwombea mtu huku unamficha unachokijua ni kuifanyia dua hiyana.

Kwa familia zinazokusudia kwenda Omani au Imarati kwa gari katika likizo hii, maneno yangu ni machache. Mvua za majira ya baridi huanza mnamo Novemba na huweza kuendelea mpaka Aprili. Msitandike mkeka ndani ya wadi, hata iwe kavu namna gani, ikiwa kuna wingu mlimani au mvua imetangazwa. Msiegeshe gari katika changarawe. Maji yakibadilika rangi, yakileta vijiti au povu, msingoje kufunga vyombo, pandeni. Maji yaendayo kasi ya kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 huliinua gari dogo, na 60 huyachukua magari mengi, hata yale marefu tunayojivunia. Katika vivuko vya Omani kuna nguzo za kupimia maji. Yakifika kwenye rangi nyekundu, simama, hata kama aliye mbele yako amevuka. Kuvuka wadi iliyojaa ni kosa la sheria Omani, na Imarati tangu 2023 faini yake ni dirham 2,000, pamoja na alama 23 mbaya katika leseni na gari kuzuiliwa siku 60. Simu ya polisi wa Omani kwa dharura ni 9999. Iandikeni katika karatasi, maana simu hulowa.

Na kwa wazee wenzangu ninaowaona kila jioni, wanaokaa kwa watoto wao na kujifunza kunyamaza: kunyamaza kuhusu chumvi ya mchuzi ni hekima, na kunyamaza kuhusu njia ya kupita si hoja. Lakini ikiwa roho yako imekuonyesha wingu, sema. Sema ukiwa mgeni, sema ukiwa mkwe, sema hata kama utacheka nao baadaye kwa kuwa mvua haikuja. Siku ile ningesema, binamu yangu angenuna mpaka Magharibi, kisha tungekula pilau yetu chini ya mkunazi.

Vijana wanasafiri Alhamisi. Jarida hili litakapowafikieni wasomaji watakuwa wamekwisha ondoka, nami nitakuwa nasubiri simu. Jana usiku yule mdogo wao alipita peke yake, akasimama mlangoni, akakataa kuingia. Akasema, "Mwalimu, tumekubaliana juu ya lile neno. Lakini kama nikilisema na hawakugeuka, nifanyeje?"

Nikamwambia, "Geuka wewe. Wataona mgongo wako."

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu mstaafu,
Al Mansoura, Doha